Kizimba, Mbwa au Mtego? Kulinda Vifaranga dhidi ya Kunguru na Nguchiro Mombasa

Kuku wa shangazi yangu, kule Mtongwe, aliangua vifaranga 11 siku ya Jumatatu. Kufika Ijumaa walikuwa wamebaki wanne. Jumamosi nilikwenda kumtazama, nikaketi barazani na kikombe changu cha chai, na nikaona kwa macho yangu wanavyokwenda. Kunguru wawili walitua uani. Mmoja alimwendea mtetea ana kwa ana, akaruka kando, akarudi, akamvuta unyoya wa mkia. Mtetea akajivimbisha, akamfukuza mpaka kwenye shina la mpapai. Yule wa pili alikuwa ametulia juu ya paa la choo. Akashuka, akamnyakua kifaranga shingoni, akapaa naye hadi mnazini. Mimi nilikuwa hata sijasimama.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na watu wa Kiembeni, Utange, Mikindani na Likoni: nifanye nini? Nijenge kizimba cha waya, nifuge mbwa, au niweke mtego? Nimejaribu yote matatu kwa nyakati tofauti, kwangu na kwa jamaa. Kila moja lina pahali pake, na kila moja nimeona likimtia mtu hasara kwa sababu alilichagua kabla hajajua anapambana na nani.

Mjue mwizi kwanza

Ukitaka kulinganisha njia hizi kwa haki, anza na mambo mawili: mwizi anakuja saa ngapi, na anapitia wapi.

Kunguru anakuja mchana, anatoka juu, na anachotaka ni mayai na vifaranga wa wiki tatu nne za mwanzo. Huyu mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengine humwita kurabu, si wa kwetu. Ni wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji, na Mombasa alianza kuonekana mwaka 1947. Wazee wanamkumbuka kunguru wa asili, yule mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi kisiwani Mombasa humwoni ila kwa nadra. Kunguru mzima ana uzito wa kama gramu 300. Kifaranga wa siku moja hafiki hata gramu 50. Akishakua kiasi cha kumzidi nguvu, kunguru humwacha. Kwa hiyo vita vya kunguru ni vita vya mwezi mmoja kwa kila mtamio.

Nguchiro naye ni wa mchana, lakini anapita chini, na mara nyingi huja kwa kundi. Vifaranga anakula, na mayai anayapenda sana. Ukikuta maganda yamepasukia kwenye jiwe au ukutani, mbali na kiota, mtuhumu yeye: hulishika yai kwa mikono ya mbele, akaligeuzia jiwe mgongo, akalirusha nyuma katikati ya miguu mpaka lipasuke. Niliwahi kusimama dirishani nikamwangalia mmoja akirusha yai lilelile mara tatu kabla halijavunjika.

Kanu na fungo ni wezi wa usiku. Kanu ni mwembamba, anapanda, na anajipenyeza pahali usipodhani. Akiingia bandani huweza kuua kuku kadhaa na kuondoka na mmoja, na majeraha utayakuta shingoni. Panya buku huvuta vifaranga mashimoni au kuwatafuna miguu. Kenge, hasa kwa walio karibu na vidimbwi na mikono ya bahari kama Mikindani na Mtongwe, humeza mayai mazima na haachi hata ganda. Mwewe huchukua hata kuku wa makamo, na huacha manyoya yametapakaa pale alipotua.

Kama huna uhakika, jioni nyunyiza majivu au mchanga laini mlangoni pa banda, mtandiko wa upana wa kama mita moja. Asubuhi utasoma nyayo. Fanya hivyo siku tatu kabla hujatoa hata shilingi moja.

Ukishamjua mwizi, jiulize mengine manne. Una pesa ngapi za kuanzia, na ngapi kila mwezi? Mchana kuna mtu nyumbani? Kuku wako wanajitafutia chakula au unawalisha? Majirani, dini yako na sheria vinasemaje? Kwa maswali hayohayo nitazipima njia zote tatu.

Kizimba cha waya

Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kumzuia wa mchana na wa usiku, wa juu na wa chini, kwa pamoja. Inaweza, ikijengwa vizuri. Vizimba vingi ninavyoviona Mombasa vimejengwa ili kuku asitoke. Kumzuia mwingine asiingie ni kazi tofauti kabisa.

Kosa la kwanza liko kwenye waya. Waya wa kuku tuliouzoea, ule wa matundu ya pembe sita, ni laini. Nguchiro na kanu wakipata pahali palipolegea wanapapanua, na panya na nyoka wadogo wanapita kwenye tundu lenyewe. Weka waya mgumu wa kuchomelea, wenye matundu ya nusu inchi, kuanzia chini hadi kiasi cha sentimita 60. Juu yake unaweza kuendelea na waya wa kuku kama pesa ni chache, ila kama mwizi wako ni kanu, anayepanda, pandisha ule mgumu mpaka juu. Kosa la pili liko chini ya ardhi. Waya ukiishia usawa wa mchanga, nguchiro atachimba. Mchanga wetu wa pwani ni mwepesi kama unga. Ukunje waya uelekee nje, sentimita 30, uufukie kidogo na uukandamize kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, akagonga waya, akakata tamaa.

Kwa juu, nenda kaulizie kwa wavuvi. Nyavu kuukuu ambazo hazifai tena baharini ni paa zuri sana la ua wa kuku, nyepesi na rahisi kupata. Zikaze vizuri, kwa sababu wavu uliolegea huning'inia, na kunguru akitua juu yake uzito unaushusha mpaka anafikia vifaranga kwa mdomo. Kwa upande wa kulala, mabati yanachoma wakati wa kaskazi na makuti yana ubaridi wake, lakini makuti ndimo kanu, panya na nyoka wanamopenda kujificha. Mimi hutumia mabati kisha nikatandaza makuti juu yake. Kuku wanapata kivuli, na chini ya makuti kuna bati ambalo hakuna anayelipenya.

Chumvi ya bahari hula waya. Kwa wanaoishi Nyali, Shanzu au Likoni ufukweni, waya usiopakwa zinki huanza kutoa kutu mapema sana, na kutu huanzia kwenye maungio, pahali usipotazama. Kila msimu wa mvua ukiisha, zunguka kizimba na ubonyeze kila pembe kwa kidole.

Gharama yake ya kuanzia ni kubwa kuliko njia zote, na hiyo haina ubishi. Watu husahau gharama ya pili, ambayo ni chakula. Kuku wa kienyeji aliyezoea kuzurura hujilisha wadudu, majani na makombo. Ukimfungia, ni juu yako: kuku mzima hula kiasi cha gramu 100 hadi 120 kwa siku. Machicha ya nazi, pumba na mabaki ya jikoni yanapunguza mzigo, lakini machicha peke yake hayamfanyi kuku atage. Tena kuku waliosongamana huambukizana haraka. Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoua haraka, kikiingia kizimbani hakibagui, basi chanjo isikose. Wape nafasi, mita moja ya mraba kwa kuku wanne watano wakubwa.

Majirani hawana neno na kizimba kikisafishwa. Sheria pia haina tatizo na waya, ila wapangaji waanze kwa kumuuliza mwenye nyumba.

Kuna kizimba kidogo ambacho bibi zetu walikijua kabla ya waya: tenga. Mtetea na vifaranga wake wanafunikwa kwa tenga kubwa lililosukwa, jiwe juu, maji na chenga za mahindi ndani, kivulini. Asubuhi na jioni mtu akiwa nje wanaachiwa saa moja wazurure. Kwa mwezi mmoja wa hatari ya kunguru, tenga lina nguvu kubwa kuliko bei yake. Usiku halitoshi. Kanu na panya wanalimudu, basi giza likiingia uwaingize ndani.

Kizimba kinamfaa anayetoka asubuhi kwenda kazini bandarini au Kongowea na kurudi magharibi. Kinamfaa pia mwenye wezi wa aina mbili au tatu, na anayefuga kwa kuuza. Mwenye kuku watano wa mboga, na uwanja mpana, huenda akaona anatumia pesa nyingi kuliko thamani ya kuku wenyewe.

Mbwa, na walinzi wengine wenye uhai

Mbwa mzuri aliyekulia pamoja na kuku ni raha kumwona akifanya kazi. Nguchiro akimsikia hageuki nyuma. Fungo na kanu hukwepa ua wenye mbwa macho, na kenge hurudi majini. Hata tumbili, ambao upande wa Nyali na Bamburi wameanza kuonja mayai, humheshimu.

Kwa kunguru hadithi ni nyingine. Mbwa anayependa kufukuza ndege huwafanya wasitue kwa amani, lakini jua likikaza mbwa analala kivulini, na kunguru analijua hilo. Anakaa juu, anatazama, anangoja. Kama mwizi wako mkubwa ni kunguru, mbwa ni nusu ya dawa.

Pesa za kuanzia zinaweza kuwa kidogo, hata sufuri ukipewa kijibwa na jirani. Kila mwezi ndipo penye mzigo: chakula kila siku, dawa ya kupe na minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Hiyo ya mwisho usiifanyie uchumi hata kidogo, maana nguchiro wenyewe wanaweza kubeba ugonjwa huo, na mbwa wako ndiye atakayekutana nao meno kwa meno. Weka pia miezi kadhaa ya malezi. Kijibwa asiyefundishwa huanza kwa kuwakimbiza vifaranga kwa mchezo, na mchezo wake unaua sawasawa na njaa ya nguchiro. Mfunge kamba karibu na kuku kila siku mpaka awachoke.

Kwa Mwislamu suala la mbwa lina uzito wake, na sisi wa pwani tuliokulia katika madhehebu ya Shafi tunalijua vyema. Mafundisho yanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwindia. Akae nje, awe na chombo chake cha kulia, na uani patengwe pahali pake mbali na nguo na pahali pa kuswalia. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu wako kabla hujamleta. Waulize na majirani. Katika mitaa iliyobanana, kama sehemu za Mikindani na Kisauni, mbwa anayebweka usiku kucha huvunja ujirani wa miaka mingi.

Wapo wanaofuga kanga au bata bukini badala ya mbwa. Kanga ana macho makali na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akiona mwewe au nyoka anapiga kelele, na kuku wanajifunza kukimbilia kwenye vichaka. Anatoa habari tu, hapigani. Bata bukini ana ujasiri wa kumkabili mnyama mdogo, ila usiku mwenyewe anahitaji kufungiwa.

Walinzi hawa wanawafaa wenye mashamba ya nafasi, kama Utange, Mwakirunge na Shika Adabu, ambako kuku wanazurura chini ya minazi na hakuna waya utakaozunguka eka mbili.

Mtego

Mtego ninaozungumzia ni ule wa kizimba, wenye mlango unaojifunga, unaomshika mnyama akiwa hai. Mtego wa meno na wa kitanzi nimeuona ukimvunja mguu paka wa jirani, na sitaupendekeza kwa mtu yeyote.

Nguvu yake ni kwamba unamwendea mwizi mmoja anayejulikana. Kama ni kanu yuleyule anayerudi kila usiku kwa njia ileile, yai moja ndani ya mtego linaweza kumaliza kisa ndani ya siku chache. Vaa glavu au usugue mikono kwa majani kabla ya kuugusa, uuweke kwenye njia aliyoizoea, na uuache wazi bila kuutega siku mbili tatu ili aukubali. Ukaguliwe alfajiri kila siku bila kukosa. Mnyama akibaki juani ndani ya chuma kwa joto la Mombasa, anakufa kifo kibaya.

Taabu inaanza akishanaswa. Kanu, fungo, nguchiro na kenge ni wanyamapori, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikupi ruhusa ya kumuua au kumhamishia Tudor kwa gunia kwa sababu tu amekula kuku wako. Kabla ya kununua mtego, zungumza na ofisi iliyo karibu nawe ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, uwaeleze shida yako na usikie watakachokuambia. Pia, ukimwondoa mmoja huku banda likiwa wazi, mwingine huchukua nafasi yake.

Kwa kunguru mtego una historia yake. Hujengwa chumba kikubwa cha waya chenye mlango wa ngazi juu: kunguru anajitumbukiza akiwa amekunja mabawa, na akitaka kutoka lazima ayakunjue, hapo ngazi inamzuia. Ndani huwekwa kunguru mmoja wa kuwavuta wengine, na lazima awe na maji, chakula na kivuli. Siku za kwanza unanasa wengi. Kisha wanajifunza. Kunguru wanatambua pahali, wanatambua hata sura za watu, na kundi zima litaanza kupita mbali na ua wako. Jirani wa Kiembeni aliyeujenga aliniambia alipata nafuu ya miezi miwili, na kwake ilitosha kwa sababu ilikuwa miezi miwili ya vifaranga.

Kuwamaliza kunguru wenyewe ni kazi iliyo juu ya uwezo wa kaya moja. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja pwani kabla ya mwaka huo kwisha, kwa dawa maalumu inayotegwa na watu waliofunzwa. Sumu ya dukani iliyopakwa kwenye nyama ni jambo jingine kabisa, na nakusihi usiiguse. Anayekula wa kwanza huenda akawa paka, mbwa, mwewe, au mtoto aliyeokota kilichoanguka.

Wachache huniuliza juu ya bunduki ndogo ya .22. Bila leseni usiiguse, na hata mwenye leseni sidhani ana pahali salama pa kuifyatulia. Risasi yake, hata kama ni ndogo vile, huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ukimlenga kunguru mnazini umeielekeza hewani juu ya Mombasa nzima.

Mtego unamfaa mtu anayekuwepo nyumbani kila asubuhi, mwenye mwizi mmoja aliyethibitika kwa nyayo, na ambaye ameshaziba banda lake.

Kwa hali yako

Kama unapoteza vifaranga tu, mchana, na wakubwa wako salama, wa kwanza wa kumshuku ni kunguru. Anza na tenga au ua mdogo ulioezekwa nyavu kwa wiki nne, na mengine yote yangoje. Panga pia kuku wako waangue kwa pamoja, ili ulinzi uwe wa mwezi mmoja na usiwe wa mwaka mzima.

Kama kuku wanakufa usiku, pesa zako ziende kwenye banda la kulalia peke yake. Waya wa nusu inchi, sakafu ya saruji au waya uliofukiwa, mlango wenye komeo mbili. Mchana waache wazurure kama zamani. Hilo ni nafuu sana kuliko kuzungushia ua mzima.

Kama mayai ndiyo yanayopotea, kabla ya yote okota mayai mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na alasiri, na uviinue viota kutoka chini. Nimeona nyumba mbili zilizomaliza tatizo la nguchiro kwa hilo tu.

Mwenye shamba pana na kuku wengi wanaozurura, ambaye dini na ujirani vinamruhusu, afuge mbwa na kanga wachache, na banda la usiku lililozibwa. Mpangaji wa chumba chenye ua wa pamoja, ambaye hawezi kuchimba wala kufuga mbwa, atengeneze kizimba cha fremu ya mbao kinachobebeka, cha kuku wanne watano, na siku ya kuhama ahame nacho.

Shangazi yangu yuko nyumbani mchana kutwa, hapendi mbwa, na uzio wa waya ulimshinda bei. Tulimsukia tenga, tukanunua waya mgumu wa kuzibia banda la kulalia, na wavuvi wa karibu wakampa wavu kuukuu wa kufunika pembe moja ya ua. Mtamio uliofuata ulikuwa wa vifaranga tisa. Wanane wamekua. Wa tisa alikufa maji kwenye beseni la kunywea, na sasa ndani ya beseni hilo kuna mawe.